Mawe ya Masisi na Kitabu cha Mwanzo

Mtu akichimba Rubaya akitafuta mfupa wa dinosaria atachoka bure. Atapata koltani, atapata udongo mweupe unaoganda kwenye nguo na mika inayong'aa juani, ila mfupa hatauona hata akishuka shimo refu kuliko yote. Miamba inayobeba koltani ya Masisi iliganda ndani kabisa ya ardhi karibu miaka bilioni 1 iliyopita. Dinosaria wa kwanza walitokea duniani miaka milioni 230 hivi iliyopita. Mwamba wa Rubaya ulikwisha kuzeeka kabla mnyama yeyote mwenye miguu minne hajatembea nchi kavu.

Ukitoka huko ukashuka hadi Sake, unakutana na jiwe la namna nyingine kabisa. Hiyo ni lava ya Nyamulagira, iliyotiririka kati ya mwaka 1938 na 1940 hadi ikaingia Ziwa Kivu. Umri wake haubishaniwi, maana watu waliiona ikishuka. Iinamie uitazame kwa karibu. Juu yake pameota kuvumwani ya rangi ya kijivu, kavu, fupi, kiumbe kinachotangulia mimea yote kwenye jiwe tupu. Ndani ya nyufa, pale vumbi na maji vilipokutana, imekwisha kushika mbegu ya kwanza ya majani. Lakini jembe bado halipiti. Watu wamezaliwa, wamezaa na wamezikwa, na lava ile haijawa shamba. Udongo mweusi unaolimwa maharage na viazi si mbali na hapo nao ulitokana na moto wa milima hiyo hiyo, ila ni lava ya zamani zaidi, iliyopewa muda wa kuoza. Mkulima wa Masisi anaweza kujipigia hesabu mwenyewe bila kwenda chuo chochote.

Nimeanza na mawe kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wanaliuliza, mara nyingi kwa sauti ya chini. Wameona filamu ya dinosaria kwenye simu ya rafiki. Shuleni mwalimu wa biolojia anataja mamilioni ya miaka. Jumapili mhubiri anasema dunia haijafikisha miaka elfu saba, na kwamba hao wanyama ni uongo wa kuwapotosha watoto. Basi waliumbwa siku ya ngapi? Waliingia safinani? Kijana hujifunza kujibu namna moja kwenye mtihani wa taifa na namna nyingine kwenye mafundisho ya ubatizo. Nadhani anastahili kutendewa vizuri zaidi ya hapo.

Tuanze na namna umri wa jiwe unavyojulikana, maana hapo ndipo wengi wanapodhani kuna kubahatisha. Wachimbaji na wanunuzi wanajua kwamba koltani hupimwa mionzi kabla ya kusafirishwa. Sababu ni kwamba ndani yake mna urani kidogo. Atomi za urani hazikai milele. Hugeuka moja baada ya nyingine, kwa mwendo ambao joto la ardhini wala baridi ya mlimani haviubadilishi, na mwisho wake huwa risasi, ile metali nzito ya kijivu. Ni kama jikoni: mama akiingia akakuta mbabula inawaka, hutazama makala yaliyobaki na majivu yaliyolundikana chini, akajua moto uliwashwa muda gani uliopita. Hesabu yake itaharibika tu kama mtoto ameongeza makala au amemwaga majivu kabla yeye hajafika.

Wanasayansi wana hofu hiyo hiyo, na wameitafutia dawa. Urani zinazopimwa hapa ni za aina mbili. Nusu ya ile ya kwanza hugeuka kwa miaka bilioni 4.47, nusu ya ile ya pili kwa miaka milioni 704. Kila moja huishia kwenye risasi ya aina yake. Jiwe moja, basi, linatoa majibu mawili yasiyotegemeana. Yakikubaliana, ni vigumu sana kusema jiwe lilichezewa. Yakipingana, jibu haliaminiwi mpaka sababu ijulikane. Hata likiaminiwa, hutolewa na kiasi cha kosa, mara nyingine mamilioni kadhaa ya miaka juu au chini. Kwa hiyo nikisema karibu miaka bilioni 1, neno karibu lina kazi yake.

Hapa niseme neno kuhusu kaboni 14, kwa kuwa mahubiri mengi huishambulia. Ni kweli haiwezi kupima dinosaria, wala hakuna mtaalamu anayeitumia hivyo. Nusu yake hupotea kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi hubaki kidogo mno kupimika. Inafaa kwa makaa ya jiko la kale na mifupa ya watu. Kuishutumu kwa kushindwa kupima dinosaria ni kuishutumu mizani ya dhahabu kwa kushindwa kupima lori.

Walikale ina habari ya kushangaza zaidi, na nasikitika kwamba watoto wengi wa huko humaliza shule bila kuisikia. Katika teritwari hiyo ya msitu mzito na mvua isiyoisha, utafiti uliochapishwa mwaka 1948 ulieleza miamba iliyoachwa na barafu. Si barafu ya juu ya Ruwenzori. Ni barafu iliyofunika nchi pana, miaka milioni 300 hivi iliyopita. Barafu nene inapotembea hukokota mawe ya kila ukubwa, makubwa kwa madogo, na inapoyeyuka huyaacha yamechanganyika ndani ya matope bila mpangilio. Maji ya mto hayafanyi hivyo, maana mto huchambua: kokoto huku, mchanga kule. Miamba ya namna hiyo na ya wakati huo huo imekutwa pia Afrika Kusini, Brazil na India. Maelezo yaliyosimama mpaka leo ni kwamba mabara hayo yalikuwa yameungana, tena yamekaa karibu na ncha ya kusini ya dunia, kisha yakaachana polepole.

Dinosaria walikuja baada ya barafu hiyo, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati jiwe kubwa kutoka angani lilipoipiga dunia pale ilipo Mexico leo na kuacha shimo lenye upana wa kilomita kama 180. Masisi inakosa miamba ya wakati wao, ndiyo maana nilisema mtafutaji atachoka bure. Lakini hawakuwa wanyama wa Wazungu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, huko Tendaguru, mkoa wa Lindi kusini mwa Tanzania, Wajerumani walichimbisha mifupa yenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Mafundi na vibarua wa Kiafrika ndio waliofukua, na wapagazi ndio waliobeba kwa kichwa na kwa mabega, siku kadhaa za mwendo mpaka bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ulaya. Kiunzi kimoja kimesimama Berlin mpaka leo, kirefu kupita mita 13 kwenda juu. Kwetu Kongo, miamba ya Kisangani imehifadhi samaki wa zama hizo hizo za dinosaria. Mto Lowa unaopita Walikale humwaga maji yake Lualaba, na Lualaba ndio huo unaofika Kisangani.

Haya, na Biblia?

Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba ile miaka elfu sita na kitu ya mhubiri si aya. Mwaka 1650 askofu mkuu mmoja wa Ireland, James Ussher, alijumlisha umri wa mababu na miaka ya wafalme akapata kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kuanzia mwaka 1701 tarehe zake zilichapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wakazizoea mpaka wakaziona kama Neno lenyewe. Huenda baadhi ya wamisionari waliokuja kwetu walikulia na Biblia za namna hiyo.

Lakini Wakristo wa Afrika walikuwa wamekwisha kulifikiri jambo hili zamani sana. Origene wa Aleksandria, karne ya 3, aliuliza siku tatu za kwanza zilikuwaje siku ilhali jua liliumbwa siku ya nne. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo. Aliona kwamba si rahisi kusema siku zile zilikuwa za namna gani, na akawaonya waamini wasitoe maneno ya kijinga kuhusu nyota na viumbe mbele ya watu wanaovijua, kwani watu hao wataidharau na habari ya ufufuo. Alisema hayo miaka kama 1,400 kabla dinosaria wa kwanza hajapewa jina. Hakuwa akijitetea mbele ya sayansi, alikuwa akisoma tu kwa makini.

Hata ile kanuni kwamba tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu ilielezwa mwaka 1669 na mtu wa Denmark ambaye baadaye aliwekwa kuwa askofu Mkatoliki, na mwaka 1988 Kanisa likamtangaza mwenye heri. Aliyetangulia kueleza kwamba ulimwengu wote ulianza katika hali ndogo iliyosongamana kisha ukatanuka alikuwa padre wa Ubelgiji. Wanaosema sayansi ya zamani za dunia ilitungwa na wapinga Mungu hawajaisoma historia yake.

Makanisa yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 utafiti juu ya asili ya mwili wa mwanadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu, na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 alikiri kwamba mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana. Waadventista, ambao ni wengi vilimani kwetu, walithibitisha upya mwaka 2015 kwamba uumbaji ulikuwa wa siku sita halisi na wa hivi karibuni. Kati ya Wabatisti na Wapentekoste kuna kila rai. Wapo wanaoshika saa 24, wapo wanaosema siku ni zama ndefu na kuitaja Zaburi ya 90 na waraka wa pili wa Petro, na wapo wanaosema Mwanzo haikuandikwa kutoa tarehe bali kumtaja Muumba.

Mimi nimeegemea hao wa mwisho, na Banyanga wa Walikale wamenisaidia. Katika masimulizi yao ya Mwindo yumo Kirimu, joka lenye vichwa saba. Sijasikia mzee wa Kinyanga aliyechukua mkuki kwenda kupima nyayo za Kirimu msituni. Wala sijasikia aliyesema masimulizi ni ya uongo kwa sababu nyayo hazipo. Siiweki Biblia sawa na Mwindo. Nasema tu kwamba watu wetu wanajua tangu utotoni kuwa kuna semi za aina nyingi, na kila moja huulizwa swali lake. Jiwe linaulizwa limekaa muda gani. Ni nani aliyetaka liwepo, urani na risasi haziwezi kujibu, na mwanasayansi anayedai kwamba zimejibu amevuka mpaka wake sawasawa na mhubiri anayetoa umri wa mwamba kutoka mimbarini.

Sitaki kuficha palipo pagumu. Kuna mifupa ya dinosaria yenye alama za meno ya wanyama wengine na yenye dalili za magonjwa. Basi mauti yalikuwepo kabla ya mwanadamu, na Mtume Paulo katika Warumi 5 anasema mauti yaliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Wengine hujibu kwamba Paulo alikuwa akisema juu ya mauti ya wanadamu. Wengine hawaridhiki na jibu hilo. Katika nchi ambayo watu wamekimbia vita mara kwa mara na kuzika njiani, swali la kwa nini kuna mauti si la darasani, na mchungaji anayelishikilia ana haki ya kutokuharakishwa.

Ninachokataa ni njia za mkato. Mojawapo ni ile hadithi ya mokele-mbembe, mnyama anayedaiwa kujificha kwenye vinamasi vya Likouala, upande wa Kongo Brazzaville. Safari kadhaa zimefanywa kumtafuta, baadhi na Wakristo wa ng'ambo waliotumaini kwamba dinosaria hai ataiangusha sayansi nzima. Hawakuleta mfupa wala ngozi. Tena hata angepatikana, asingebadilisha kitu. Okapi wa misitu yetu aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1901 tu, ingawa wawindaji wetu walimjua siku zote. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wa Tanga wamemkuta mara nyingi katika nyavu zao. Kupatikana kwake hakukuyafanya mawe kuwa machanga hata kwa siku moja.

Mkoa wetu una ushahidi wa zamani ulio karibu nasi zaidi kuliko dinosaria, nao ni wa watu. Katanda, kando ya mto Semliki, pamefukuliwa ncha za mikuki ya kuvulia zilizochongwa kwa mfupa, zenye miiba ya kumzuia samaki asichomoke, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Umri unaokadiriwa ni miaka kati ya 80,000 na 90,000. Si mbali na hapo, Ishango, mahali Semliki inapotoka Ziwa Edward, mwaka 1950 ulipatikana mfupa mdogo wenye mistari iliyokatwa kwa makundi. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Kwanza ulidhaniwa hauzidi miaka 10,000, kisha vipimo bora vikausogeza hadi kama miaka 20,000. Wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni hisabati ya kwanza duniani. Hayo hayajathibitishwa. Lililo wazi ni kwamba mtu fulani wa Kivu alikaa akakata mistari hiyo kwa makundi. Mvuvi wa Vitshumbi au wa Bweremana ana ukoo wa kazi unaozidi miaka elfu sita mara nyingi, na sioni kwa nini habari hiyo imtoe kanisani.

Kuna faida nyingine isiyohitaji mjadala wa Mwanzo. Ziwa Kivu ni changa kwa sura yake ya leo. Maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipojenga ukuta, yakajaa, yakatafuta njia ya kusini kwa Ruzizi. Moto uliojenga ukuta huo bado upo chini. Ndio unaoleta mazuku, ile hewa inayoua mbuzi na watu kwenye mabonde madogo kati ya Goma na Sake. Wazee wengi waliiita pepo mbaya, nao hawakukosea kuiogopa. Ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa, nzito kuliko hewa, haina rangi, hutuama chini, hasa alfajiri pasipo na upepo. Mtoto hufa kabla ya mama yake kwa kuwa kichwa chake kiko karibu na ardhi. Maombi ni mema, lakini mtoto asichezee wala kulala shimoni, na anayeanguka humo asifuatwe na mtu wa pili. Elimu inayotuambia hayo ndiyo hiyo hiyo iliyohesabu umri wa mawe. Hatuwezi kuichukua nusu inayookoa watoto na kuiita nusu nyingine ya shetani.

Kwa mwalimu wa Sake, lava ya 1938 ni maabara isiyolipiwa. Wapeleke wanafunzi wakati kuna amani, asubuhi ikiwa imepambazuka vizuri, mbali na mashimo, nao wajionee kilichoota. Kwa mchungaji na katekista, someni Mwanzo pamoja na kijana anayeuliza, msimfukuze. Na wewe mchimbaji wa Walikale, siku ukipasua jiwe ukakuta jani limechapwa ndani yake, au mfupa usioujua, usilivunje kuona kama lina dhahabu. Andika jina la mahali na kina cha shimo, lipige picha, lifunge katika nguo kavu, umpelekee mwalimu wa karibu. Huenda hakuna mwingine aliyewahi kuliona.